Mke Aliyerudishwa kwa Pikipiki

Mwinyimadi wa Masaki, Kisarawe, alikuwa mtu wa mikorosho na bodaboda, wala hakuwahi kuota kwamba siku moja watu watakaa kwenye mabenchi wamtazame. Ni Laurean, kijana mwenye kamera ya kuazima, aliyewafuata yeye na mkewe Raudha wamwigizie filamu, maana waigizaji wenye majina asingewaweza. Kisa chenyewe chepesi: mume kachoshwa na mdomo wa mke, anampakia kwenye pikipiki amrudishe kwao Mlandizi. Njia nzima wanagombana, pikipiki inazimika, wanasukuma, na wakifika ukweni hakuna anayekumbuka ugomvi ulianzia wapi.

Raudha alikuwa akikohoa tangu siku ya kwanza ya kurekodi. Laurean alikiacha kikohozi kile humo humo, kwani kila kilipomkatiza katikati ya kufoka, wenzake wa kamera walivunjika mbavu. Walipopita Kibaha, Raudha alimwomba mumewe wasimame kwenye zahanati. Mwinyimadi akamwambia wamalize kwanza, wasiwacheleweshe watu. Walipomaliza ikaja mvua, ikaja palizi. Mwezi wa pili tangu warekodi haujaisha, wakamzika.

Msibani, Dotto, Mnyamwezi anayechoma mkaa Vihingo, alifanya kazi ya mtani. Alijifunga khanga ya marehemu, akakohoa kama yeye, akamfokea mgane hadi wafiwa wakacheka na machozi yanawatoka. Lakini Dotto huyo huyo alikuwa ameshika jembe makaburini tangu asubuhi. Basi Mwinyimadi siku ile alilala usingizi. Kwa hiyo baada ya arobaini, Laurean alipokuja kuuliza filamu itolewe au ifutwe, mzee alijiona ameshazoea kuchekewa msiba wake. Alisema ioneshwe mara moja kwanza, asikie watu wanasemaje, ndipo atoe neno.

Ikaoneshwa Mlandizi, kwenye banda la video nyuma ya soko, saa nane mchana. Mwinyimadi alikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyemtambua, maana katika filamu uso wake ulikuwa kwenye helmeti karibu mwanzo hadi mwisho. Raudha akatokea, amekaa upande, anafoka. Sauti yake ikajaa banda zima, na mzee akashika ukingo wa benchi.

Ilipokwisha, watu wakaanza kutoa maoni. Mmoja alisema picha inatikisika utadhani aliyeshika kamera ana homa. Mwingine akalalamika upepo umekula nusu ya maneno. Kuna aliyeapa kwamba pikipiki ndiyo iliyoigiza vizuri kuliko wote. Na kikohozi, karibu wote walikipenda, wengine wakakiigiza. Mwinyimadi akangoja moyo ulegee kama ulivyolegea msibani. Haukulegea. Hawa walicheka, wakakung'uta suruali, wakatafuta ndala zao. Hakuna kati yao aliyebeba jeneza.

Bertha, mama anayeuza mihogo ya kukaanga mlangoni, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mimi sijaipenda," alisema. "Yule mwanamke anaumwa kweli. Na mumewe hageuki hata mara moja."

"Mama, hiyo ni komedi," kijana mmoja akamwambia. "Ulitaka ageuke waingie mtaroni?"

"Si angesimama."

Wakamcheka na yeye, wakamwambia akaange mihogo aache filamu. Mwinyimadi akatoka, akasimama kando ya pikipiki yake, ufunguo mkononi, asiutie. Laurean akamfuata huko.

"Nisamehe, mzee wangu. Naifuta leo hii."

"Usiifute."

 Laurean akasema basi aandike pale mwanzoni kwamba mama ametangulia mbele ya haki, ili watu wamheshimu.

Mzee alifikiri. Wakishaambiwa amekufa, watainamisha vichwa wote. Watampa yeye pole. Na mwingine kama Bertha, akiliona lile aliloliona, atalimeza kwa adabu.

"Usiandike kitu," alisema. "Waache waseme."