Fundi Viatu wa Barazani kwa Katarina

Fundi viatu aliyepanga chumba cha uani kwa Katarina alishona viatu vya mtaa mzima, lakini vyake hakuvivua hata mlangoni, pale sote tulipoacha vyetu. Alikaa barazani ameelekea barabara ya stesheni, akiusugua uzi kwa nta mpaka ung'ae. Treni ya Kigoma ilipopiga honi, sindano yake ilisimama hewani, nayo haikushuka mpaka abiria wa mwisho apite. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Tulipomsalimu, aliitazama kwanza miguu yetu, ndipo akaitikia.

Jumamosi moja alikuja askari wa Mwingereza, Mgogo, tarbushi kichwani na karatasi yenye picha mkononi. Alimtazama fundi, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Huyu ni nani?"

Katarina aliacha kupepeta mchele, akaangua kicheko. "Mtani, babu zetu waliwatolea babu zenu hongo ya njia kupita Ugogo na mizigo kichwani. Leo toa wewe, ndipo uulize habari za mume wangu!"

Baraza zima likacheka. Askari naye akacheka, akaikunja karatasi, akaondoka polepole, akigeuka kila baada ya hatua chache.

Fundi aliinamia kiatu. "Dada," alisema, "picha ile ni yangu."

"Tunaijua tangu Kwaresima, imebandikwa stesheni," alijibu Katarina, meno yote nje. "Cheka. Bado anatutazama."