Koti la Afisa

Belo la mitumba linapokatwa sokoni, harufu ya sufu iliyofungiwa hunirudisha nyumbani Kimumu. Siku moja mwana wa yule mzungu aliyekuwa afisa wa babu vitani Burma alikuja na mkewe, ati kumsaidia babu, kwa sababu babu ndiye aliyembeba afisa huyo mgongoni alipopigwa risasi.

Nyanya aliwamiminia mursik, maziwa ya kibuyu tunayowapa wageni wa heshima. Yule mama mzungu alinusa, akakunja pua, akayamwaga kwenye nyasi. Kisha wakamvisha babu koti kuukuu la sufu la afisa, ambaye sasa ni marehemu, wakampiga picha.

"Asante sana," babu akasema.

Gari lao lilipoondoka, babu alilivua koti akalitandaza mlangoni.

"Pangusieni miguu hapa," akatuambia. "Afisa mwenyewe nilishambeba. Koti lake sibebi."