Litania ya Kiingereza na Mgeni wa Papa

Sifa kwa Mungu, aliyenihifadhi mpaka nikafika umri wa meno machache na maneno mengi. Amenipa pumzi tena asubuhi ya leo, nami nitaitumia kujicheka, maana kicheko nacho ni shukrani.

Enzi zetu, na ninyi mliosoma misioni mtanishuhudia, kila somo lilikuwa katekisimu. Mito ya Kongo tuliiimba, hesabu tuliziimba, na Kiingereza nacho tulikiimba. Shule yetu ilikuwa Lubero, kwenye baridi ile inayofanya vidole vikatae kalamu. Jioni tulikula viazi na maharage, tukagombania nafasi karibu na moto wa jikoni mpaka sista atufukuze.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Waingereza, pamoja na ukubwa wao, hupenda vitenzi vidogo. Kisha hukitundikia kila kimoja kineno pembeni, na maana yote hugeuka. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza, na "look for" ni kutafuta. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa. "Break down" ni kuharibika, na "put up" ni kumpa mgeni malazi. Sokoni na nyumbani huzungumza hivyo kutwa. Maneno marefu wamewaachia mahakimu. Basi akatupangia vyote kama Litania ya Watakatifu: yeye anaimba kitenzi, sisi tunaitikia kineno. "Look!" "After!" "Break!" "Down!" Siku moja niliitikia kwa ibada kubwa mno, nikamalizia "Utuombee", kama tunavyowaitikia watakatifu. Lakini nilikuwa wa kwanza darasani. Niliamini nikivuka mpaka wa Kasindi, Waganda watanipokea kwa ngoma.

Likizo ilipofika nikarudi kwetu Beni. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, na mwaka ule alianza kujiuliza kama msichana anahitaji kuendelea na masomo. Shangazi yangu wa Eringeti alikuwa na shamba kubwa na mikono michache. Ndipo habari ikaja kwamba mnunuzi wa kahawa anatoka Uganda kututembelea. Papa akaniita mbele ya mama.

"Kavira, ile Anglais, Kiingereza yenu, uko unaijua, ao uko unaimba tu?"

"Niko naijua, papa."

"Basi utanitafsiria. Nikimusikia mugeni vizuri, unarudi Lubero. Kama hapana, unapanda kamyo, ile lori ya Eringeti. Shangazi anakungojea."

Mama alizidi tu kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu ambayo sombe haikuihitaji.

Mgeni akafika, suti ya kijivu, viatu vimejaa vumbi. Papa akanisukuma mlangoni, nami nikapaza sauti ya misa kuu: "Good morning, sir!" Ilikuwa saa kumi jioni. Mgeni akanitazama, akamtazama papa, akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza. Papa akampa kiti kabla hata ya kumuuliza jina.

Kwetu biashara haiguswi kabla mgeni hajala. Ikabaki kuzungumza habari za safari tu, na hapo ndipo nilipozama. Katika litania yetu, kitenzi na kineno chake walitembea bega kwa bega kama bwana na bibi harusi. Mgeni aliwatenganisha bila huruma, akapachika watu katikati yao, akaendelea mbio. Yote niliyoyajua yakanitoroka. Kumwita kuku si kumkamata. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu wote niliokuwa nao.

"Anasema gari ilivunjika chini."

"Chini ya nini?"

"Chini tu, papa."

"Haya, endelea."

"Batu ba Kasindi bakamuweka juu."

"Juu ya nini? Juu ya muti?"

"Muti hakuutaja. Kisha bakatazama nyuma yake."

Papa akainuka kitini. "Bakatazama nyuma? Mais, lakini hao ni bezi! Muulize kama balimwibia!"

Mgeni aliinamisha uso, mabega yakimtetemeka. Maskini mimi, nikadhani analilia mizigo yake.

Papa akakaa tena. Akasema polepole, bila kunitazama: "Kavira, kamyo inatoka kesho."

Mama akaleta bugali, sombe na kuku. Kwetu ni mgeni anayebariki chakula, kwa hiyo papa akafumbata mikono kumwonyesha. Mgeni akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu, Nyamuhanga, kwa Kinande. Kinande safi, cha kwetu! Akawaombea watu wa Kasindi waliomlaza na kumtunza gari lilipoharibika, akamwombea mpishi, akamwombea na "huyu mutoto aliyechoka."

Kijiko kikamtoka mama mkononi. Mgeni alikuwa Mkonzo wa upande wa pili wa Ruwenzori. Wakonzo na sisi Wanande tuna mlima mmoja na lugha moja. Ni mpaka tu uliopita katikati. Hilo Beni nzima inalijua. Lakini mtu akitoka Uganda amevaa suti, nani atathubutu kumsalimia kama jirani?

"Mbona hukusema?" papa akamuuliza, sasa kwa Kinande.

"Mulinipokea kwa Kiingereza. Nikafikiri ni desturi ya hii nyumba, nikaiheshimu."

Papa alicheka mpaka kofia ikamtoka kichwani. Mama hakucheka. "Na kamyo ya kesho?" akauliza.

"Kamyo gani?" mgeni akasema. Alipoelezwa, aliacha kula. "Ndugu yangu, batafsiri nimebaona wengi. Bakikosa neno, banatunga yabo. Huyu aliona haya mpaka jasho likamutoka, lakini hakuongeza hata moja. Maneno atayapata masomoni. Hilo lingine masomo hayana."

Papa akamwongezea mgeni kuku. "Donc, basi," akasema, "Eringeti batafute mikono mingine."

Nikarudi Lubero, na baadaye nikafundisha Kiingereza hapa Bulengera ninapoishi, mpaka mvi zikanizidi. Sasa wajukuu wangu huambiana "chill out" wakiwa wamelala kwenye kochi tangu asubuhi. Sijui wanapumzika kutoka kazi gani. Mgeni wa lugha nyingine akija, humwekea simu mbele ya mdomo, na simu hutafsiri bila kutoka jasho. Haikosei kama mimi, nami naistahi. Kinachoniuma ni kingine. Barabara ile ya Kasindi siku hizi inatutia hofu kwa sababu ya wenye bunduki, na mtu akibisha hodi tunamuuliza kwanza anatoka wapi, kiti baadaye. Papa, pamoja na Kiingereza chake cha kuazima, alitoa kiti kwanza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu ailinde nyumba yako. Asikunyime mgeni, wala chakula cha kumwekea, wala amani ya kumfungulia mlango bila kuogopa. Amina.