Vifaranga Nyuma ya Geti

Mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, na jina hilo halikumkera. Tangu ujana wake hakuwa mtu wa kukaa. Alipokuwa mfuaji wa hospitali, aliiacha pasi ikipoa ili akaanue mashuka ambayo hayajakauka. Alipofiwa na mumewe, majirani walimsihi aketi. Akaketi muda wa kunywa maji, kisha akainuka kufagia. Katika utu uzima wake akapata kazi iliyomfaa: kuangua vifaranga kwa mashine na kuwapeleka mwenyewe kwa wafugaji, kwa gari dogo kuukuu.

Jumamosi moja alikuwa amepakia maboksi manne ya vifaranga walioanguliwa alfajiri ile. Walikuwa wa mjane mmoja ambaye kuku wake wote walikuwa wamefagiwa na ugonjwa wa mdondo, naye alikuwa akianza upya. Kiguu na Njia aliliegesha gari katika uwanja wa kulipia, kivulini chini ya ukuta, akaacha madirisha wazi kidogo, akaenda kununua chanjo. Dukani akakuta foleni. Aliporudi, geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli kubwa, na bango alilolipita bila kulisoma lilisema wazi kwamba Jumamosi uwanja hufungwa mchana.

"Msimamizi kaondoka na funguo," alisema mlinzi kupitia kijidirisha cha mlango mdogo uliokuwa kando ya geti. "Simu yake haipatikani. Rudi Jumatatu, mama."

"Jumatatu? Baba, humo ndani mna roho za viumbe."

"Na mimi nina kibarua changu. Tukishafunga haingii mtu."

Akaenda hadi pembeni mwa ukuta, akarudi, akachungulia penye ufa wa geti. Kivuli kilikuwa kimeshaliachia boneti na sasa kilikuwa kikinyemelea kulihama paa. Akaenda tena, akarudi tena. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa ng'ambo ya barabara alichoka kumtazama.

"Mama, wewe sema neno tu. Hilo kufuli nalimega kama mkate."

"Lete mashine yako."

Hata hivyo, alikuwa ameshampigia simu kaka yake, karani wa mahakama aliyestaafu, mtu asiyeharakishwa na lolote.

"Umesimama?" aliuliza kaka baada ya kusimuliwa.

"Nisimame vipi?"

"Basi sikiliza ukitembea. Uwanja ni wao, wanaweza kuufunga, na bango wameweka. Gari ni lako. Kulifungia hakulifanyi kuwa lao, na hasara ikitokea unaweza kuwashitaki. Ila ukikata kufuli, atakayeulizwa kwanza ni wewe."

"Na hiyo kesi itakwisha lini?"

"Ikienda vizuri, mwakani."

"Kaka, vifaranga wanakufa leo."

"Ndiyo maana nakuuliza, dada. Unadai gari, au unadai vifaranga?"

Kiguu na Njia akasimama. Muda wote ule alikuwa akigombania geti kubwa. Akamwashiria fundi azime mashine, akasogea kwenye kijidirisha.

"Baba, gari libaki, na geti libaki na kufuli lake. Nataka maboksi yangu tu, yapite kwenye mlango huu unaopita wewe."

"Nimeambiwa asiingie mtu."

"Nami siingii. Shika ufunguo wa gari, uyatoe wewe."

Mlinzi alifikiri. Msimamizi hakuwa amemwagiza lolote kuhusu maboksi. Akanyoosha mkono, akaupokea ufunguo, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa mwezi.

Ule ndio uliokuwa mtihani. Mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kumwachia mtu kazi yake alibaki nje, paji la uso likigusa bati la moto, akisikiliza nyayo za mwingine. Boksi la kwanza lilitoka likilia, la pili vilevile. La tatu lilikuwa kimya. Akalifunua: vifaranga walikuwa wamelala midomo wazi, wachache wakiwa hawapumui tena.

"La nne lilikuwa sakafuni, hao wazima," alisema mlinzi, na safari hii alikuwa akihema.

Fundi alitoa gari lake la mizigo bila kuombwa. Kwa mjane, Kiguu na Njia alichuchumaa kando ya beseni, akamchovya kila kifaranga mdomo majini ili ajue kunywa, akianza na wale wa boksi la tatu. Mjane alimletea kigoda. Akakikalia, na hakuinuka hadi wa mwisho alipomeza.