Baba Alipoanza Kuniamkia

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, baba yangu mzazi alikuwa akichuchumaa mbele yangu kila asubuhi na kuniamkia kama anamwamkia mama yake. Wajukuu hucheka nikiwasimulia, nami siwalaumu. Wakati ule hata mimi ningecheka, kama ningeweza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, kijijini kwetu, upande wa Kahama. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, akarudi na ng'ombe wachache aliowapenda kuliko kitu chochote. Jioni moja wingu zito lilitanda, akatutuma mimi na mdogo wangu Masanja tukawarudishe ndama zizini. Tulikuwa tunakimbia tumeshikana mikono radi ilipopiga. Nilipozinduka, mkono wa Masanja ulikuwa bado ndani ya mkono wangu wa kulia, naye amekwisha kufa.

Tangu siku ile sikusema neno. Nilisikia kila kitu, lakini sauti haikutoka, na mtu akinigusa mkono wa kulia nilijikunja na kutetemeka. Majirani waliwakataza watoto wao kucheza nami, maana kwetu aliyepitiwa na radi aliogopwa kana kwamba bado anayo mwilini. Mama alinilisha huku machozi yakimtoka. Aliyeniumiza zaidi ni baba, kwa sababu hakunitazama kabisa. Akinikuta mahali, anaondoka. Niliamini kwamba ananichukia kwa kuwa amekufa mtoto wake wa kiume, nikabaki mimi.

Baada ya mavuno mama akamwita mganga, mwanamke mnene mcheshi tuliyemwita Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nilidhani atanichanja chale. Badala yake alishinda kwetu, akala ugali wetu, akamhoji mama, akamhoji baba, akaniangalia mimi kwa muda mrefu bila kunigusa. Jua lilipopoa akatukalisha pamoja.

"Mama yako alifariki ukiwa machimboni," akamwambia baba. "Hamkuagana. Sasa amekuja kukaa kwa huyu mtoto, anataka jina lake na heshima yake."

"Nifanye nini?" baba akauliza.

"Mwite Nkwimba, kama mama yako. Asubuhi, kabla hujafungulia ng'ombe, mwamkie, umpe habari za kaya. Usimfiche kitu, yule ni mama." Akamgeukia mama. "Na wewe, uji wa kwanza ni wa mkweo."

Akanivika shanga nyeupe, akaenda zake.

Kesho yake baba alikuja nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia, macho yake chini. Kisha akanieleza kwamba dume jeusi linachechemea na pamba imeingia wadudu. Alisema haraka haraka, kwa aibu, akakimbilia zizini. Lakini alirudi siku iliyofuata, na nyingine. Habari zikarefuka. Nikaanza kuzisubiri, maana baba hakuwahi kuongea nami hivyo hata kabla ya msiba. Taratibu akaanza kunitazama usoni.

Asubuhi moja alimaliza habari za ng'ombe, hakuinuka.

"Mama," akasema, "Masanja nilimtuma mimi. Wingu nililiona. Nilihofia ndama. Na huyu dada yake simtazami kwa sababu ya aibu, si kwamba simpendi."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akilia, nikaogopa mno. Nikafanya nilichowaona mabibi wakifanya: nikamwekea mkono kichwani, mkono ule ule wa kulia. Sauti ikanitoka, imekwaruza.

"Basi, mwanangu. Nenda kafungulie ng'ombe, jua limepanda."

Mama alitoka jikoni mbio. Uji wa siku ile uliungua, tukaunywa hivyo hivyo.

Siku hizi nasikia wataalamu wa watoto waliopatwa na mambo ya kutisha wakisema mtoto asitibiwe peke yake, wazazi wake nao wakae wasikilizwe. Huwa natikisa kichwa kukubali. Mjukuu wangu ambaye ni muuguzi aliwahi kuniuliza kama kweli bibi Nkwimba alikuja kukaa kwangu. Nilimwambia sijui. Huenda alikuja. Ninachojua ni kwamba mwanamume wa wakati ule asingeweza kumwomba radhi mtoto wa miaka minane, hata kama moyo unampasuka. Kwa mama yake aliweza. Mayu Kabula aliliona hilo siku moja tu akila ugali wetu, akampa baba mama wa kumlilia.

Namshukuru mganga yule mpaka leo. Namshukuru zaidi baba, aliyekubali kuchuchumaa mbele ya binti yake watu wakimwona. Kwa miezi yote ile walidhani aliyekuwa bubu pale nyumbani ni mimi peke yangu. Tulikuwa wawili, na ilibidi yeye aanze kusema.