Ua Lisilotaka Kufunikwa

Mama Miche, kama wanavyomwita bustanini, ana miaka kumi na tisa akiotesha mimea inayotoweka, na kwa ubishi hajapata mpinzani. Siku mkuu wa bustani alipomwambia aondoe trei za ua la mwambani ili msonobari upate nafasi, alitua kopo la maji kwa kishindo.

"Bosi, miche ya msonobari ipo mia mbili, imenona kama watoto wa tajiri! Ua hili huko mlimani limebaki mwamba mmoja tu."

"Msonobari nao unatoweka, dada yangu. Ila wenyewe unaota. Hilo ua lako miaka mitatu halijatoa hata jani. Mbegu si zimekwisha?"

"Imebaki bahasha moja."

"Basi ndiyo hivyo. Ijumaa nataka meza iwe wazi."

Roho ilimuuma. Akarudi kwenye banda la miche, akaanza kufagia kwa hasira. Aliposogeza vyungu vikuukuu kwenye ukingo wa dirisha, pale anapofungulia bahasha za mbegu, akaganda. Lo! Kwenye udongo wa chungu kimoja, majani mawili madogo yenye manyoya, kama ya kule mwambani. Ndilo lenyewe! Mbegu ilimponyoka, ikaota hapo juu juu, bila mtu kuifunika.

Yeye ni mtu wa miti. Mbegu ya msonobari ni nene, inataka kufukiwa, na mkono wake ulishazoea. Mbegu za ua hili ni vumbi tupu, kumbe zinataka mwanga. Miaka mitatu alikuwa anazizika hai.

Angeweza kukaa kimya, nani angejua? Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Bosi, zile mbegu niliziua mimi. Nilizifukia."

Mkuu akavua miwani. "Unajua watu walining'inia kwa kamba kuzichuma?"

"Najua. Kunifukuza utanifukuza baadaye. Kwanza nipe wiki tatu. Msonobari unaishi miaka mia nne, utakusubiri mpaka ustaafu. Ua hili linaishi miwili, halimsubiri mtu."

Mkuu akarudisha miwani usoni. "Tatu. Usije ukaniomba ya nne."

Mama Miche akazinyunyiza mbegu zote zilizobaki juu ya udongo uliolowa. Mkono wa kulia ukajiendea wenyewe kwenye ndoo ya mchanga. Akauchapa kofi, kama anavyowachapa wajukuu wakigusa sufuria ya moto.

Siku ya kumi na tano trei ikawa na ukijani. Alihesabu hadi arobaini na moja, machozi yakamvuruga. Mkuu akaja, akainama juu ya trei.

"Meza ni yako," akasema, akaondoka.

Mama Miche akafungua daftari la upanzi. Kwa miaka mitatu, kwenye safu ya sababu, alikuwa ameandika "mbegu mbovu." Akachukua kalamu nyekundu, akayakata maneno hayo mara tatu, na kila mahali akaandika: "Zilifukiwa. Kosa ni langu." Akatia sahihi.