Pikapu Isiyosukumika

Enzi zetu gari lilikuwa la mtu mmoja, lakini kuliwasha ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Wa rika langu mnajua ninachosema. Vijana wakisoma watadhani bibi anatunga ngano. Situngi. Shule niliishia darasa la nne, kutunga sikufundishwa, nasema niliyoyaona.

Baba yangu alikuwa na pikapu. Rangi yake ilikuwa ya maziwa kabla kutu haijaanza kuila, na betri yake ilikuwa maiti iliyokosa wa kuizika. Kwetu ni juu ya Muheza, njia ya kupandia Amani, kwenye machungwa na iliki. Ua wetu ulikuwa tambarare mpaka kwenye mfenesi. Ukishaupita mfenesi ndipo mteremko unaanza. Basi kila asubuhi kazi ilikuwa kuifikisha pikapu kwenye mfenesi. Baba kakaa kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje anakanyaga ardhi. "Haya, amsheni!" Na sisi nyuma, watoto wa kwetu na wa jirani, sare za shule mwilini, madaftari tumeshayatupa ndani ya bodi, midomoni bado tuna kiporo cha bada ya muhogo na dagaa wa nazi. Tunasukuma. Matope mekundu yanatupenya katikati ya vidole vya miguu. Iliki zimeanikwa kwenye majamvi, harufu yake imechanganyika na ya petroli, na mpaka leo nikinywa chai ya iliki naisikia petroli kwa mbali, wala siichukii.

Ikifika mteremkoni baba anaweka gia ya pili, anaachia klachi. Pikapu inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, inakohoa, inawaka, inatupulizia moshi mweusi usoni. Mwalimu wetu hakuwa na haja ya kuuliza nani kaja na gari. Alitazama mashati tu. Na baba hakuweza kusimama, maana ikizimika tunaanza upya. Aliteremka mpaka msikitini, akageuza, akarudi taratibu, na sisi tukadandia hivyo hivyo ikitembea. Watoto wa leo ukiwaambia wadandie watakuuliza mkanda uko wapi.

Kulikuwa na mtoto wa jirani, Mashaka. Huyu alikuwa anaweka viganja juu ya bodi kama anayepapasa tumbo la paka, kisha anahema kuliko sote. Siku moja baba akapiga kelele kutoka mbele: "Mashaka! Unasukuma au unaegemea?"

"Nasukuma, Mzee! Tena kwa moyo wote!"

"Moyo hauna mabega, mwanangu. Panda."

Akapanda. Alipanda kila siku. Sisi tulimshangaa baba kajuaje, na yeye mgongo katupa. Akatuonyesha kioo cha pembeni, kilichopasuka katikati na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. "Nawaona nyote humu," akasema. Toka hapo tulisukuma huku tunakitazama kioo, tuone kama baba anatuona.

Wasichana tulicheza rede na mdako kama kawaida, lakini mchezo wangu mimi ulikuwa gari. Nilipanga mawe matatu nyuma ya jiko, mfuniko wa sufuria ndio usukani, natoa sauti mdomoni mpaka mate yanaruka. Bibi yangu alinikemea, "Mwanamke anaendesha mwiko!" Baba yeye alichuchumaa akayapanga mawe yangu vizuri. La kushoto klachi, la kati breki, la kulia mafuta. "Klachi ikanyage haraka," akaniambia, "lakini kuiachia, iachie kama unavyotoka chumbani mwa mgonjwa aliyelala." Nimeendesha gari maisha yangu yote kwa maneno hayo.

Sasa niwaeleze asubuhi moja. Baba alikuwa hasemezani na jirani yetu Mzee Kibwana, sababu ni mpaka wa michungwa. Hata msikitini mmoja alisimama mwanzo wa safu na mwingine mwisho. Alfajiri hiyo mama alishikwa na uchungu, na mkunga akatoka nje akasema neno moja tu: hospitali. Wanaume wengi walikuwa wamelala msibani kijiji cha pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukamlaza mama kwenye godoro ndani ya bodi, tukasukuma sisi watoto pamoja na mkunga na shangazi, na pikapu ikazama kwenye matope, haiendi mbele wala nyuma. Mama hakulia. Kimya chake ndicho kilichotutisha. Baba aliita jina la Mungu mpaka sauti ikamkauka.

Ghafla nikahisi gari limekuwa jepesi. Nikageuza shingo. Mzee Kibwana huyo, msuli kaupandisha magotini, bega kalizika kwenye bodi, hatazami mtu. Ikatoka kwenye matope, ikaupita mfenesi, ikashtuka, ikawaka. Baba hata angetaka kusimama ashukuru asingeweza. Alikwenda nayo moja kwa moja. Mama akapona, na mdogo wangu wa mwisho akazaliwa akilia vizuri.

Baba aliporudi alijaza kikapu machungwa, yale ya mti wake bora, akanitwika. "Mpelekee Mzee Kibwana. Mwambie nilimwona kwenye kioo." Nikampelekea, nikamwambia. Mzee akachukua chungwa moja, akalinusa, akasema, "Mwambie gari lake zito." Basi. Toka siku hiyo walisalimiana mpaka kufa kwao. Mpaka wa michungwa haukuamuliwa na mpaka leo haujaamuliwa, na hakuna aliyegombana tena.

Haya yote yamenirudia nikiwa huku Guangzhou, China, nyumbani kwa binti yangu Rehema, pembeni ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Rehema ananunua mikoba soko la Shiling na nguo soko la Zhanqian na kupeleka Dar. Mwanawe, Zuhura, anasoma chuo kikuu hapa hapa, mambo ya kusindika matunda. Nikisema mjukuu wangu ni msomi sijisifu, natoa taarifa. Kichina anakiongea mpaka dereva wa teksi anageuza shingo kutazama ni nani. Mwaka huu anamaliza, na amesema atarudi Muheza kukamua juisi ya machungwa yetu. Mimi niliposikia nilicheza peke yangu jikoni.

Pikapu ya kubebea machungwa hayo ipo, na itakuwa yake. Marehemu mume wangu ndiye aliyetuachia. Ni kuukuu lakini injini ni nzima. Aliinunua uzeeni, otomatiki, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umechoka, na gari la otomatiki halina shida na mguu wa kushoto. Mwaka huu giaboksi ikafia kwenye mlima wa Amani, machungwa yakiwa pomoni. Fundi wetu akaniambia, "Mama, hii otomatiki tutaifungua kwa bismillahi na kuifunga kwa kukisia. Tuigeuze iwe ya gia za mkono. Si unakwenda China? Tafuta huko giaboksi iliyotumika, na kila kinachokwenda nayo."

Nilipofika huku nikamweleza Zuhura, nikidhani atafurahi.

"Bibi jamani, nani anaendesha gia za mkono siku hizi? Tutafute otomatiki nyingine, basi."

"Na ikizimika mlimani?"

"Napiga simu."

"Utampigia nani kule Amani, kima?"

"Bibi!"

"Sikiliza, mke mwenzangu. Hilo ni gari la mume wetu, nalijua. Betri ikifa, hata kijiji kizima kisukume, haliwaki. Ni gari lisilotaka watu."

"Na mimi kwa nini nitake kusukumwa?" akasema, akaondoka na vikombe.

Swali lake nililala nalo.

Kesho yake mchana tulikuwa tunatoka kula, gari moja jipya likazimika katikati ya Huanshi Zhonglu. Ndani mna msichana umri wa Zuhura. Mimi nikafunga kanga kiunoni, nikashuka barabarani. Zuhura akanidaka mkono. "Bibi, hilo halisukumwi. Likizimika hivyo magurudumu yanajifunga." Tukasimama tukitazama. Watu walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyolipita jiwe. Yeye alitazama simu, hakuna aliyemtazama, naye hakumtazama mtu. Punde likaja gari la kubebea magari, likalinyanyua lile kama mtoto aliyesinzia, likaondoka nalo. Kazi safi, sikatai. Haraka kuliko sisi na mfenesi wetu.

"Umeona, Bibi?" Zuhura akasema.

"Nimeona. Leo usiku nani atapelekewa machungwa?"

Ile habari ya Mzee Kibwana alikuwa anaijua tangu mdogo. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Kesho sina kipindi. Nitakupeleka sokoni kwenye spea." Sikujua bado kama atanitafutia ya mkono au ya otomatiki. Kuongea ataongea yeye, mimi Kichina changu kinaishia kwenye salamu.

Soko lenyewe ni milima ya vyuma, kila duka limemwaga matumbo ya magari nje. Zuhura akasimama mbele ya mwenye duka, ambaye huku kila mtu humwita laobani, yaani bosi. Nikamsikiliza anavyoongea, nikitazama mkono wake. Alikunja ngumi akaisogeza mbele, nyuma, pembeni, kama anayebadilisha gia. Moyo wangu ukatulia.

Giaboksi ikatolewa. Ikatolewa flaiweli, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, maana la otomatiki halishiki klachi. Ikatolewa sahani ya klachi na propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, wa urefu unaolingana. Laobani akapangusa mikono, kamaliza. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wetu. Alikuwa ameniambia watu wengi wanaonunua hivi huleta vyuma vyote vikubwa wakasahau pedeli ya klachi, kwa sababu gari la otomatiki lina pedeli mbili tu, na gari likakaa juu ya mawe likisubiri kidude cha kukanyagia.

"Muulize pedeli."

Laobani akatikisa mkono. "Meiyo." Hakuna.

Nikakaa juu ya giaboksi.

"Bibi, simama, watu wanatuangalia."

"Watuangalie. Mwambie hiki alichoniuzia ni kinu bila mchi. Mimi mtu mzima, siwezi kwenda nyumbani na kinu kitupu."

Sijui alimwambia nini, lakini laobani alicheka mpaka akashika goti. Akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, ndiyo heshima yao hiyo, nikayanywa pale pale juu ya giaboksi. Kisha akapanda juu ya lundo nyuma ya duka, akapotea, vyuma vikalia. Alirudi na pedeli pamoja na chuma chake cha kushikia, bado ina mpira, mpira umelika upande mmoja na mguu wa mtu nisiyemjua.

Vyuma vikubwa vimeingia kwenye kontena la Rehema. Mikoba ya akina dada wa Dar itafika inanukia grisi, wanisamehe. Pedeli nimekataa isiingie. Nitaibeba mwenyewe.

Jioni ile niliiweka sakafuni, nikaweka na kandambili zangu mbili pembeni yake, moja ndiyo breki, moja ndiyo mafuta. Zuhura akakaa juu ya furushi la nguo za mama yake, akavua soksi, akaweka mguu wa kushoto juu ya pedeli. Nikamfundisha maneno ya baba, ya mgonjwa aliyelala. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Kisha akasema bila kuniangalia, "Bibi, mimi naogopa. Nimeondoka nyumbani mdogo. Kule simjui mtu. Ikizimika nani atanisukuma?"

Kumbe shida ndiyo hiyo. Wala si gia.

Nikamwambia, "Mzee Kibwana na baba walijuana miaka na miaka, na walikuwa hawasemezani. Gari ndilo lililowakutanisha. Wewe izimishe mbele za watu, mke mwenzangu. Watakuja, na utawajua."

Akacheka huku anafuta macho, akakanyaga tena klachi.

Enzi zetu hatukuwa wema kuliko watu wa leo. Tulikuwa na betri mbovu. Ukiwa na betri mbovu unamsalimia jirani hata asubuhi ambayo hutaki kumwona. Leo kila kitu kinajiwasha chenyewe, kijana anaingia, anabonyeza, anaondoka, na kwenye kioo chake haoni mtu ila barabara. Simlaumu, hakuna aliyemwomba asukume wala asukumwe. Mfenesi wetu ulishakatwa, Mzee Kibwana na baba wamelala makaburi ya jirani, na ule moshi mweusi nimebaki nao mimi na wachache wenzangu.

Lakini pikapu ya mume wetu itateremka tena pale, Mungu akipenda, Zuhura akiwa kwenye usukani, na najua kwa hakika kwamba siku za mwanzo ataizima mara nyingi. Mabega yangu hayasukumi tena. Sitakaa ndani kwa ajili hiyo. Nitatoka, nitaweka viganja vyangu juu ya bodi, nitahema kwa sauti kuliko wote kama Mashaka, na mjukuu wangu ataniona kwenye kioo.